"Kuku wa Mama Huyu Hana Standari": Nani Aliiandika Hiyo Standari?

Leo sisomi habari. Leo nagombana, na ninagombana kwa ajili ya kuku.

Najua kuna watakaocheka. "Watu wanakufa, barabara zimekatika, watoto hawasomi, na mwandishi anatuletea mambo ya kuku!" Lakini ninyi mliokimbia nyumba zenu usiku mnajua ni nini kilifika pamoja nanyi. Ng'ombe alibaki mlimani. Mbuzi walinyang'anywa njiani. Kilichofika ni mtoto mgongoni, sufuria kichwani na, kwa waliobahatika, kuku mmoja aliyefungwa miguu ndani ya kitunga. Kuku huyo ndiye karo ya shule, ndiye dawa ya mtoto, ndiye heshima ya kumpokea mkwe. Mtu akimgusa kuku huyo amegusa mfuko wa mama. Na kuku huyo ameguswa.

Siku ya maonyesho

Hivi karibuni kulikuwa na maonyesho ya kilimo na mifugo hapa kwetu, katika bonde la Ruzizi. Jua lilikuwa kali kama kawaida yetu. Waamuzi watatu walikaa kivulini na karatasi zao. Katika sehemu ya kuku waliangalia mambo matatu: uzito, rangi ya namna moja na kile walichokiita usafi wa aina.

Zawadi ya kwanza ilikwenda kwa jogoo mweupe wa kilo zaidi ya nne. Mwenyewe alimbeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Alipomweka chini, jogoo alikaa. Hakusimama. Alibaki pale mdomo wazi, akihema kwa joto, na watu wakapiga makofi.

Nyuma yake alikuja mama mmoja, mhamaji kutoka milima ya juu. Alikuwa na jogoo mwekundu wa shingo tupu, kuku jike wa rangi ya majivu, na vifaranga kumi na mmoja waliokuwa wakikimbia kati ya miguu ya watu. Mwamuzi mmoja alimshika yule jogoo, akacheka: "Mama, hii kuku yako ni mugonjwa? Manyoya ya shingo iko wapi? Hii haina standari." Watu wote wakacheka. Nami, ndugu wasikilizaji, nilicheka.

Mama hakujibu. Alikusanya vifaranga wake mmoja mmoja, akaenda kukaa chini ya mwembe. Nilimfuata na mashine yangu ya kurekodi. Aliniangalia, akasema: "Mwanangu, bale majogoo beupe balituletea mwaka jana, wewe ulisema kwa radio ni baraka. Nionyeshe hata moja leo."

Nikazima mashine.

Nilichosema mwaka jana

Mama yule alisema kweli, na ni lazima niungame mbele yenu kabla ya kumlaumu mtu mwingine. Mwaka jana shirika moja, ambalo sitalitaja, lilikuja kugawa majogoo weupe kwa akina mama wahamaji. Masharti yalikuwa hivi: ukipokea jogoo wa mradi, jogoo wako wa kienyeji auzwe au achinjwe ndani ya wiki mbili, ili asiharibu damu mpya. Niliitwa kuja kuripoti. Nilipewa ile pesa ya usafiri ambayo sisi waandishi tunaiita kupaji. Nikasoma habari kwa sauti ya furaha: "Mapinduzi ya ufugaji." Sikuuliza hata swali moja. Sikurudi baada ya miezi mitatu kuona.

Sasa nimerudi. Nilipita mlango kwa mlango katika familia zile ambazo bado zipo. Majogoo wa mradi walikufa karibu wote: wengine kwa ile homa ya Newcastle inayopindisha shingo na kuharisha kijani, wengine kwa njaa, wengine walichukuliwa na kipanga kwa sababu ni weupe na hawajui kujificha. Lakini wa kienyeji walikuwa wamekwisha kuchinjwa. Akina mama walibaki na kuku majike bila jogoo, na mayai yasiyoangua. Yule mama wa maonyesho alikataa kumchinja wake. Alimficha kwa jirani. Ndiyo maana leo ana vifaranga kumi na mmoja.

Hesabu ambayo haikufanywa

Sisemi kuku wa kizungu ni mbaya. Kuku wa mayai wa kisasa anaweza kutaga karibu mayai 300 kwa mwaka. Kuku wetu anataga mayai 40 hadi 60. Mwenye banda zuri, mwenye pesa ya provanda, mwenye veterineri anayefika, afuge wale wa kisasa. Mji unahitaji mayai, wala simpingi.

Lakini tufanye hesabu ya kambini. Kuku kumi wa namna hiyo wanakula zaidi ya kilo moja ya provanda kila siku. Kwa mwezi ni zaidi ya kilo 30. Ni familia gani ya wahamaji yenye kilo 30 za chakula cha kumpa kuku, wakati watoto wenyewe wanalala na ugali bila mboga? Kuku wetu anakula mchwa, majani, maganda na makombo. Hatagi sana kwa sababu ana kazi nyingine: analalia siku 21, kisha anatembea na vifaranga wake miezi miwili, akiwafundisha kuchakura na kupiga kelele kipanga akipita.

Kazi hiyo ndiyo kuku wa kiwandani ameondolewa. Kwa miaka mingi walichagua wale wasiotaka kulalia, kwa sababu kuku anayelalia hatagi. Wao wana mashine ya kuangulia na umeme. Sisi tuna nini? Sisi mashine yetu ya kuangulia ni kuku mwenyewe. Ukichanganya damu hiyo katika kundi lako, unaweza kupata binti mkubwa na mzuri wa macho, anataga, kisha anainuka na kuondoka. Mayai yanapoa. Na watoto wa kuku chotara hawafanani na wazazi wao: kizazi cha pili kinatawanyika, huyu mkubwa, huyu mdogo, huyu mwenye nguvu, huyu dhaifu. Kila mara itabidi urudi kwa mwenye mradi kuomba jogoo mwingine. Na mradi umekwisha fungwa.

Shingo tupu si ugonjwa

Turudi kwa kile kicheko. Kuku wa shingo tupu amezaliwa hivyo. Ni urithi wa damu, kama mtoto anavyorithi pua ya baba. Ana manyoya machache kuliko wenzake, si shingoni tu bali mwili mzima, kwa hiyo joto linamtoka upesi. Katika bonde hili letu la joto, yeye anatembea na kula saa ambazo yule mweupe amekaa akihema. Wataalamu wa nchi nyingi wameandika juu ya jambo hilo.

Na wasikilizaji mnaopenda kila kitu cha Ulaya, sikilizeni hii. Ufaransa, katika mkoa wa Landes, wanafuga kuku wa njano wa shingo tupu, wanaotembea huru chini ya misonobari. Mwaka 1965 kuku hao walikuwa wa kwanza kupewa Label Rouge, alama ya serikali inayosema: hiki ni chakula bora. Mfaransa analipa zaidi ili amle. Hapa kwetu tunamcheka mama aliyekuja naye.

Standari ni nini?

Mwamuzi alisema kuku yule hana standari, kana kwamba standari ilishuka kutoka mbinguni. Hapana. Standari ni karatasi. Watu waliketi, wakatazama kuku wao, wakakubaliana: sisi tunataka awe hivi. Wakaandika.

Wamarekani walifanya maonyesho yao makubwa ya kwanza ya kuku mjini Boston mwaka 1849. Kila mtu alikuja na kuku wake akisema wangu ndiye bora, na hapakuwa na kipimo. Ugomvi ulikuwa mwingi. Mwaka 1873 wafugaji waliunda chama chao, na mwaka 1874 wakatoa kitabu cha kwanza cha standari: umbo la kila aina, rangi, kilemba, miguu. Tangu hapo kuku wa mashamba yao wakawa na jina, na mwenye jina ana bei.

Wafaransa nao wana kuku wa Bresse. Manyoya meupe, kilemba chekundu, miguu ya buluu, kama bendera yao. Tangu mwaka 1862 wanawashindanisha kila mwezi wa Desemba. Mwaka 1957 sheria ya nchi ilisema: asiyezaliwa na kufugwa katika eneo lile, kwa taratibu zile, haitwi kuku wa Bresse. Na taratibu hizo haziangalii sura peke yake. Kila kuku lazima awe na angalau mita 10 za mraba za majani ya kutembelea. Yaani waliandika maisha ya kuku ndani ya standari.

Je, watu wale walikuwa na kuku wa ajabu kutoka mwanzo? Hapana. Walikuwa na kuku wa kijijini, kama wetu. Tofauti ni kwamba wao waliwachagua kizazi kwa kizazi, na kalamu ilikuwa mkononi mwao.

Usipoandika wewe, ataandika mwingine. Mfano upo, na ni wetu. Mnamjua yule mbwa wa kuwinda wa misitu ya Kongo, asiyebweka, anayefungwa kengele shingoni ili wawindaji wamsikie. Katika miaka ya 1930 alipelekwa Uingereza, akaonyeshwa London, watu wakajaa kumtazama. Waingereza wakamwandikia standari. Wakampa na jina: Basenji. Neno hilo sihitaji kuwatafsiria. Ni lile lile walilowaita babu zetu, watu wa porini. Leo katika orodha ya shirikisho la kimataifa la mbwa, asili yake imeandikwa Afrika ya Kati, lakini msimamizi wa standari yake ni Uingereza. Mbwa wetu, kalamu yao. Tunangoja hata kuku waende hivyo?

"Lakini maonyesho ni mchezo wa matajiri"

Mzee mmoja, baba wa rafiki yangu, aliniambia hivyo nilipomsomea maneno haya. "Wee mutoto, kuku ni ya kula, haiko ya kupamba." Mzee ana haki kwa sehemu. Huko ng'ambo pia maonyesho yameharibu kuku wengine. Walitafuta rangi na umbo tu, wakasahau mayai. Wale Rhode Island Red, kuku wekundu wa Marekani, leo wana ukoo wa maonyesho wenye rangi nzuri sana lakini mayai machache, na ukoo mwingine wa mayai ambao hautashinda zawadi. Ukipima sura peke yake, utapata sura peke yake.

Ndiyo sababu nasema tusikopi karatasi yao. Tuandike yetu, na karatasi yetu ipime kile kinachotulisha. Mimi si veterineri, lakini nimekaa na akina mama wafugaji na agronomu mmoja mwenye subira, tukapanga alama 100 hivi. Mkiona kosa, sahihisheni:

- Umama, alama 30. Kuku jike ahesabiwe vifaranga waliofikisha miezi miwili. Jogoo ahesabiwe kwa mama yake: asiye na mama mzuri hapati kitu hapa.
- Kujitafutia chakula na kujikinga, alama 20. Afunguliwe uwanjani mbele ya waamuzi. Anayekaa amejihukumu mwenyewe.
- Afya, alama 20. Macho maangavu, miguu iliyonyooka, mfupa wa kifua usiopinda, manyoya yasiyo na utitiri.
- Uzito, alama 15. Jike wa mwaka mmoja kati ya kilo 1.2 na 1.8, jogoo kati ya kilo 1.8 na 2.5. Akizidi sana apunguziwe, kwa sababu ukubwa huo unakula provanda.
- Sura ya aina yake, alama 15. Shingo tupu iwe tupu kweli, kilemba kimesimama. Rangi yoyote. Kuku mweupe tupu asiongezewe kitu. Kipanga anampenda tayari.

Namna ya kufika huko

Hakuna haja ya kungoja mradi. Mwenye kuku watano anaweza kuanza kesho.

Kwanza, daftari. Kila jike apewe jina au uzi wa rangi mguuni, uandike ametaga mangapi, ameangua mangapi, wamebaki wangapi. Baada ya mwaka mmoja utajua ni nani wa kuuza sokoni na ni nani wa kubaki. Wengi wetu tunafanya kinyume: mteja akija tunamuuzia jogoo mkubwa na mzuri kwa sababu ana bei, tunabaki na mdogo ndiye anayepanda kundi lote. Kisha tunalalamika kuku wetu wamekuwa wadogo. Wamekuwa wadogo kwa sababu tunachagua wadogo.

Pili, jogoo asikae na binti zake. Familia tatu zipatane. Kila mwaka majogoo vijana wa familia ya kwanza waende kwa ya pili, wa ya pili kwa ya tatu, wa ya tatu kwa ya kwanza. Majike wasitoke. Hivyo damu haijirudii upesi, na hakuna anayelipa franka hata moja. Jogoo mmoja anatosha majike kumi.

Tatu, kwa wanaopenda shingo tupu: mwangalie mbele ya shingo. Akiwa na kishungi kidogo cha manyoya, amerithi upande mmoja tu. Ukiwapandisha wawili wa namna hiyo, karibu mmoja kati ya vifaranga wanne atatoka na shingo yenye manyoya. Usimlaumu jirani, wala usimtupe. Yule asiye na kishungi, au mwenye manyoya mawili matatu tu, amerithi pande zote mbili, na watoto wake wote watakuwa na shingo tupu. Lakini wale wa manyoya yaliyojikunja msiwapandishe wao kwa wao: mmoja kati ya wanne anaweza kutoka karibu uchi, na anateseka. Mpandishe na mwenye manyoya ya kawaida.

Nne, Newcastle. Daftari lote halifai kitu kama homa hiyo itapita na kumaliza mtaa kwa wiki moja. Chanjo ya matone ya jicho inarudiwa kila miezi mitatu au minne. Kopo moja linatosha kuku wengi, kwa hiyo mtaa mzima uchange siku moja. Hapo ndipo ningependa kuona pesa za miradi, kuliko katika majogoo wanaosafiri kwa gari.

Tunachodai

Kwa mashirika: msimlazimishe mama kuchinja jogoo wake kama sharti la msaada. Mama aliyepoteza nyumba asipotezeshwe na kuku. Mkitaka kusaidia, leteni chanjo, leteni mizani, leteni daftari.

Kwa waandalizi wa maonyesho: wekeni sehemu ya kuku wa kienyeji, na kati ya waamuzi watatu awepo angalau mama mmoja anayefuga. Atajua mengi ambayo karatasi haijui.

Kwa wenzangu waandishi: tukipokea kupaji na kusoma kile tulichoandikiwa, tunakuwa kipaza sauti cha mtu mwingine. Mimi nilikuwa hivyo, na kuna familia zilizochinja majogoo wao baada ya kunisikia. Sitaweza kuwarudishia. Lakini naweza kusema leo kwa redio ile ile na kwa sauti ile ile kwamba nilikosea.

Na kwa wandugu wahamaji: msione haya kwa kile mlichobeba ndani ya kitunga. Babu zetu hawakuandika, lakini walichagua. Kuku anayevuka mlima amefungwa miguu, akafika, akataga, akalalia na kulea katika kibanda cha maturubai, huyo amekwisha kupita mtihani ambao jogoo wa zawadi ya kwanza asingeuweza hata saa moja.

Nilirudi kwa yule mama juzi. Nilimwomba msamaha kwa kicheko changu. Akaniambia nikae, akanipa kiti cha mbao, na yule jogoo wa shingo tupu akapita kati yetu akichakura. Nikamuuliza kama atarudi kwenye maonyesho. Akasema: "Batengeneze kwanza ile karatasi yabo."

Majirani zake wawili wamekubali kubadilishana majogoo naye. Familia tatu zimetimia, na daftari nimewanunulia mimi, kwa pesa yangu, si ya kupaji. Nitarudi baada ya miezi mitatu kuhesabu vifaranga, na safari hii nitawaeleza nitakachokiona, kiwe kizuri au kibaya.

Mwandishi wenu wa bonde la Ruzizi.